Msiizike Kamera ya Umeme Ingali Hai

Kijana anayeingia leo kwenye upigaji picha wa filamu, awe Tokyo, London au Nairobi, hupewa wosia uleule kabla hajatoa hata senti: tafuta kamera ya kimakanika, ya gia na springi, isiyotegemea betri, hiyo itakuzika. Ile yenye chipu na sakiti, anaambiwa, ni kubahatisha. Siku itakayozima ndiyo imezima, hapana fundi wala spea, itabaki pambo la kabatini. Wanaosema hivyo wana nia njema, na wengi wao ni wazoefu. Lakini wanakosea, na kosa lao lina gharama. Kamera zinazotengenezeka kwa saa moja mezani zinatupwa, huku mnunuzi akilipa bei ya kuruka kwa kamera kongwe ya kimakanika ambayo nayo ni mgonjwa, ila tu hasemi.

Canon AE-1 iliingia sokoni Aprili 1976. Ilikuwa kamera ya kwanza ya SLR, yaani ile ya kutazamia kupitia lenzi yenyewe, kuwekewa kompyuta ndogo ndani yake, na iliuzwa kwa mamilioni. Bila betri yake ya volti 6 haifyatui hata picha moja. Kwa hesabu ya wanaoogopa umeme, baada ya karibu nusu karne AE-1 zote zingekuwa zimeshakufa. Badala yake zimejaa mikononi mwa vijana, na ugonjwa wake unaojulikana kuliko yote hauhusiani na kompyuta hata kidogo. Ni mlio: kila ikifyatuliwa, kamera inalia kama mlango wenye bawaba kavu. Chanzo ni gia za kuendesha kioo zilizokaukiwa na mafuta. Dawa ni tone la mafuta mepesi, likifikishwa mahali pake kwa sindano. Kamera ya kompyuta inaugua ugonjwa wa cherehani.

Canon T90 ya mwaka 1986 inasimulia hayohayo kwa namna nyingine. Ikigoma, huandika "EEE" kwenye kioo chake kidogo cha maandishi, na mwenye nayo akishaona herufi hizo hukata tamaa: sakiti imekwenda. Mara nyingi sakiti ni nzima. Kilichokwenda ni kipande cha mpira cha kupokea kishindo karibu na sumaku ya pazia, ambacho kwa uzee kimeyeyuka kikawa gundi. Kamera nyingi za EOS, ukoo ulioanza mwaka 1987, zina kasoro ya jamii hiyohiyo: sponji ya kuzuia kishindo hugeuka kama lami, ikatambaa hadi kwenye majani ya pazia na kuyanatisha. Fundi huisafisha kwa pamba na spiriti, kidogo kidogo, kisha huitoa sponji yote iliyooza, maana akiiacha mahali pake lami itarudi. Hakuna chipu iliyobadilishwa.

Sasa itazamwe kamera ya kimakanika inayosifiwa. Olympus OM-1, kazi ya mhandisi Yoshihisa Maitani, ilitoka mwaka 1972 na ni nadra kupata kamera iliyosanifiwa kwa upendo kiasi kile. Haihitaji betri ili ifyatue. Lakini juu ya prizimu yake kuna sponji, na sponji hiyo ikioza hula rangi ya fedha inayoakisi taswira, hata mpigapicha akaona madoa meusi kila anapotazama. Kipima mwanga chake kilisanifiwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, betri ambayo Marekani iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1996. Mtu akiweka betri ya kisasa ya volti 1.5 bila marekebisho, kipimo kinakuwa cha uongo. Sponji inaoza kwenye kamera ya chipu na inaoza kwenye kamera ya springi, na sheria ya zebaki iliiathiri kamera ya kimakanika kuliko ya umeme.

Tatizo zito zaidi la kamera ya kimakanika ni ukimya wake. Grisi ikikauka na springi ikichoka, pazia haligomi. Linaendelea kufunguka na kufunga, sauti ni ileile tamu, mwenye nayo anaamini mambo ni sawa. Kumbe kasi iliyoandikwa 1/1000 ni karibu na 1/500, au upande mmoja wa picha unapata mwanga zaidi kuliko mwingine. Atagundua filamu ikishasafishwa, pesa imekwenda na harusi imekwisha. Kamera inayopima muda kwa saa ya kwatsi haina tabia hiyo ya kuteleza polepole. Ikiwa nzima, kasi yake kwa kawaida ni ile iliyoandikwa. Ikiwa mbovu, hukataa waziwazi, na ubovu unaoonekana ni rahisi kuutafutia dawa.

Nikon walipotoa F3 mwaka 1980, kamera yao kuu ya kazi ikiwa na pazia la kielektroniki kwa mara ya kwanza, walijua hofu ya wateja wao. Ndiyo maana waliweka kiwiko kidogo cha dharura kinachofyatua kwa 1/60 hata betri ikiisha. Kamera hiyo iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2001, zaidi ya miaka 20, na shirika la anga la Marekani, NASA, lilitumia matoleo yake maalumu kwenye vyombo vya kwenda na kurudi angani. F3 zingalipo, zingali zinafanya kazi, na mafundi wangali wanazifungua.

Mfano wa kuuweka mezani ni Minolta X-700 ya mwaka 1981. Kisa chake hujirudia: betri ni mpya, taa nyekundu za kipimo zinawaka vizuri ndani ya kitazamio, lakini kidole kikibonyeza, kimya. Mkono wa kuvutia filamu nao umekataa kusogea. Muuzaji anaandika "mbovu, sakiti imekufa" na kuitupia kwenye boksi la chakavu. Fundi anayeijua haanzi na kompyuta. Anaigeuza juu chini, anafungua skrubu chache za kifuniko cha chini, na hapo ndani anakutana na kapasita, kijipipa kidogo cha kuhifadhi umeme unaoisukuma sumaku iachie pazia. Kapasita huzeeka, ndivyo zilivyo hata kwenye redio na televisheni. Anakata miguu yake miwili, analehemu mpya yenye thamani ileile, anarudisha kifuniko. Ikigoma bado, anasafisha uso wa sumaku. Kipuri chenyewe bei yake ni ya kikombe cha chai. Kwa hiyo kamera iliyohukumiwa kifo kwa sababu ya umeme imefufuliwa na kazi ambayo fundi redio yeyote wa mtaani ameifanya mara mia.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Polaroid SX-70, kamera ya kukunja iliyobuniwa na Edwin Land na kutolewa mwaka 1972, ni ya kielektroniki tangu siku ya kwanza. Polaroid ilitangaza kuacha kutengeneza filamu zake mwaka 2008, na kiwanda cha mwisho kilichokuwa Enschede, Uholanzi, kikaokolewa na kikundi cha watu wachache waliokataa kukubali kwamba mambo yamekwisha. Wapenzi wa kamera hiyo hawakuishia kwenye filamu. Walisoma namna sakiti ya zamani inavyofanya kazi, wakasanifu sakiti mpya za kuingia mahali pa ile ya kale, na leo kuna SX-70 zenye mwili wa miaka ya 1970 na ubongo wa karne hii. Bodi ya umeme inaweza kuchorwa upya na kuchapishwa kwa idadi ndogo. Gia iliyokatika jino, ya umbo ambalo halipo tena popote, inahitaji mashine, chuma sahihi na mtu mwenye mkono wa kuichonga.

Haki lazima itendeke kwa upande wa pili pia. Zipo kamera ambazo wosia ule unazihusu kweli. Contax T2 ya mwaka 1990 ni moja. Bei yake ilipaa baada ya Kendall Jenner kuionyesha kwenye kipindi cha Jimmy Fallon mwaka 2017, miaka 12 tangu Kyocera, waliokuwa wakiitengeneza, watangaze kuachana na biashara ya Contax. Ndani yake kila kitu kimebanwa: mota ndogo, nyaya bapa zinazokunjwa kila lenzi inapotoka na kuingia, chipu zilizotengenezwa kwa ajili yake pekee. Hasselblad XPan ya mwaka 1998, iliyozaliwa kwa ushirikiano na Fujifilm, ilitengenezwa chache na bodi zake hazipatikani kirahisi. Canon nao, walipotangaza Mei 2018 kwamba wamesitisha uuzaji wa EOS-1V, kamera yao ya mwisho ya filamu, waliweka wazi kwamba matengenezo yangefikia ukomo Oktoba 2025, na kwamba tangu Oktoba 2020 wangeweza kukataa kazi kwa kukosa vipuri.

Lakini hapo ndipo hoja inapojifunua. T2 na XPan zinatisha kwa sababu ni chache, ni ghali, na zimebanwa. Umeme peke yake haukuzifanya hivyo. Milango ya viwanda imefungwa kwa kamera za kimakanika pia: Pentax K1000, kipenzi cha wanafunzi na studio, iliacha kutengenezwa mwaka 1997, na anayeitengeneza leo anategemea vipuri vya kamera nyingine iliyochinjwa. Leica wanaoendelea kuhudumia kamera zao za zamani ni wa kupongezwa, ila hao ni kampuni moja yenye bei ambazo wengi hawazifikii.

Kipimo cha kweli cha kudumu kwa kamera ya mtumba basi ni kingine. Je, zilitengenezwa nyingi kiasi cha kupata ya kuchinja? Je, mwongozo wa fundi wa kiwandani unapatikana? Je, betri yake ingali inauzwa, kama zilivyo LR44, CR2 na CR123A? Je, inafunguka bila kukata nyaya? AE-1 na X-700 zinajibu ndiyo kwa maswali hayo yote. Kamera za kimakanika zilizotengenezwa chache hazijibu ndiyo, hata zikiwa hazina waya hata mmoja.

Lipo pia jambo ambalo wahubiri wa gia na springi hawajalitazama: fundi mwenyewe amebadilika. Miaka ya 1990 kung'oa chipu ndogo na kuirudisha ilikuwa kazi ya vifaa vya kiwandani. Leo, Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi, fundi simu anaketi na hadubini, kipuliza hewa moto na kibanio chembamba, akiondoa sehemu ndogo kuliko punje ya mchele kwenye bodi ya simu, kisha anaenda kunywa chai. Kwake, sakiti ya kamera ya mwaka 1985 ni barabara pana. Anachokosa kwa kazi hiyo ni mwongozo, pamoja na tahadhari moja ambayo lazima aambiwe: kamera yenye flashi ndani hubeba kapasita ya volti zipatazo 300, na inaweza kumpiga hata betri ikiwa imetolewa. Mkono wa kazi upo, na upo jirani.

Kwa upande wa gia, ujuzi unapungua. Ricoh walipotangaza Desemba 2022 kwamba wanarudi kwenye filamu chini ya jina la Pentax, timu iliyoongozwa na Takeo Suzuki ilikuta kwamba kutengeneza mkono wa kuvutia filamu, kitu ambacho zamani kila kiwanda kilikifanya, si jambo jepesi tena. Ilibidi warudi kwenye michoro ya zamani na kuwauliza wahandisi waliokwisha kustaafu. Kamera hiyo, Pentax 17, ilitoka mwaka 2024. Filamu yake inavutwa kwa mkono, ila pazia na mwanga vinapangwa kwa umeme wa betri ya CR2. Watu wenye michoro yote ya kimakanika kabatini mwao, walipotaka kujenga kamera mpya ya filamu, hawakuukimbia umeme.

Kila kamera ya umeme inayotupwa kwa kuamini wosia ule ni kapasita, sumaku, lenzi na skrubu ambazo zingeiokoa nyingine. Ndiyo maana wauzaji wa mtumba wanaombwa waache kuandika "imekufa" juu ya kitu ambacho hakijafunguliwa. Na mwenye kamera iliyozima kabatini aanze na mambo mawili: afute kutu ya kijani kwenye sehemu za betri kwa kijiti cha pamba na siki kidogo, kisha aweke betri mpya. Ikigoma, ampelekee fundi simu wa mtaani pamoja na mwongozo uliochapishwa. Ikishindikana kabisa, amwachie fundi huyo iwe spea.