Mawe ya Njiani na Amana ya Wazee



Qur'ani Tukufu yatuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi, tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Mafundisho haya si ya kuwakumbuka kina Adi na Thamudi peke yao. Yatuhusu hata katika safari zetu za basi. Asafiriye kutoka Morogoro kwenda Dodoma hupita Wami, palipo na mnara wa kumbukumbu ya Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu wa Tanzania, aliyefariki hapo kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili, 1984. Ni wangapi katika wana wetu wapitao hapo wakiwa wameinamia simu zao, na mzazi aliye kando yao asinene neno?

Mnara husema jina na tarehe. Hauwezi kumweleza mtoto kwamba mwaka 1983 kiongozi huyo alisimamia vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, wala kwa nini chuo kikuu cha kilimo kilicho chini ya milima ya Uluguru kikapewa jina lake. Hayo hayana budi kusemwa kwa ulimi wa mtu.

Tena, jiwe halimkumbuki kila mtu. Mjini Morogoro yapo makaburi ya askari wa Vita Vikuu vya Kwanza, kwani majeshi ya Waingereza yaliuteka mji huo kwa Wajerumani tarehe 26 Agosti, 1916. Lakini mizigo ya vita vile ilichukuliwa na wapagazi wetu, nao walikufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa maradhi na uchovu. Wengi wao hawakuandikiwa jina popote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri dhuluma hiyo na kuomba radhi. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu. Nani anayewaombea maghufira, hali hata majina yao hatuyajui?

Kabla ya mji huu wa leo, palikuwapo mji wa Simbamwene, ulioasisiwa na Kisabengo. Msafiri Henry Stanley aliuona mwaka 1871, akaueleza kuwa umezungushiwa ukuta, una minara katika pembe zake nne, na milango ya mbao iliyonakshiwa kwa ufundi wa Kiarabu. Aliyetawala wakati huo alikuwa mwanamke, binti wa Kisabengo, naye aliitwa Simbamwene. Mwaka uliofuata mafuriko yakachukua sehemu ya ukuta na nyumba nyingi. Ngome iliyotisha majirani haikuweza kuyazuia maji ya Mwenyezi Mungu. Hapo pana ibra kubwa.

Stanley huyo huyo aandika kwamba Kisabengo alianza kwa kuwaongoza watumwa waliotoroka, kisha yeye mwenyewe akawa mnyang'anyi na mtekaji wa watu. Je, tuwaambie vijana sifa tupu, au tuwaachie maneno ya mgeni peke yake? Yote mawili si haki. Tumeamrishwa kusema kweli ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, na tumeamrishwa kuichunguza habari kabla ya kuikubali. Basi kisomwe kitabu cha msafiri, na waulizwe wazee pia.

Hapa wataalamu wa Hadithi wametuachia njia njema. Wao hawakuridhika na maneno matupu; waliuliza, "Nani amekusimulia, naye aliipata kwa nani?" Kijana na achukue daftari, aende kwa bibi yake, aandike kisa, mahali, mwaka ukijulikana, na jina la msimulizi. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa hiyo huenda bibi akawa na khabari ambazo babu hanazo. Aulize pia majina yaliyo mbele ya macho yake: Kingalu, ambaye jina lake limepewa soko kuu la Morogoro, ni nani? Wengi hununua mchicha hapo kila siku wasijue kuwa ni jina la kurithiwa la watawala wa Waluguru wa milimani.

Wala mtu asidhani kuwa twawaita watu kuyatukuza mawe. Hasha! Jiwe haliombwi, wala halidhuru wala halinufaishi. Mtume wetu (s.a.w.) aliruhusu kuzuru makaburi kwa kuwa yanakumbusha Akhera, na mnara wa njiani nao wafaa ukimkumbusha apitaye kuwa naye yu mpitaji.

Basi, enyi wazazi, safari ijayo mtakapopita Wami, semeni na watoto wenu. Mzee afapo kabla ya kuulizwa, huzikwa pamoja na aliyoyajua, na hapana mnara utakaoyarudisha.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuzingatia, na awarehemu Waislamu waliotutangulia, wenye mawe na wasio na mawe. Amin.