Kabla ya Kuhamia Galway na Mtoto
Mzazi anayehamia Galway, mji wa magharibi mwa Ayalandi ambako mto Corrib unaingia baharini, ampangie mtoto kwanza, mshahara baadaye. Mji ni mdogo, katikati yake unazungukika kwa miguu, na ufuko wa Salthill hauko mbali. Kwa mtoto wa miaka mitatu hiyo ni neema, siku mvua na upepo wa Atlantiki vikiruhusu. Serikali nayo inasaidia: mtoto aliyetimiza miaka 2 na miezi 8 kabla ya Septemba hupata shule ya awali bure, kwa muda wa saa tatu kila siku, wiki 38 kwa mwaka, na walio chini ya miaka 8 wanaweza kuandikishwa kwa daktari wa familia bila malipo. Lakini saa tatu si siku ya kazi! Muuguzi wa zamu anahitaji mahali pa kulelewa mtoto kutwa nzima, na foleni ya kusubiri nafasi hizo ni ndefu, sawa na ya nyumba za kupanga. Shule nyingi za msingi ziko chini ya Kanisa Katoliki, ila sheria ya 2018 imezizuia kumkataa mtoto kwa kukosa ubatizo, kwa hiyo Mwislamu kutoka Mombasa asisite kuomba. Inaniuma kuona mama mwenye taaluma yake anakaa ndani miezi mizima kwa kukosa wa kumwachia mtoto. Waajiri wanaoita wafanyakazi kutoka ng'ambo wanapaswa kumtafutia mtoto nafasi kabla tiketi haijakatwa.