Peugeot ya Mzee Haitaki Wufa, Inataka Fyuzi

Kama bado unaendesha Peugeot 504, ile iliyoshinda Safari Rally 1975 na 1978, hurumia waya zake. Ukiwa na Sh15,000, mimi naona usahau wufa kubwa; alternata ya zamani itachoka ukitoka Kitale kabla hujafika Kiminini. Nunua redio ya Bluetooth na spika mbili za maana. Zinazobaki ziende kwa waya mpya na fyuzi karibu na betri, kwa sababu waya ikichunika bila fyuzi inaweza kuchoma gari yote.

Na fundi, awe wa Kitale ama Bungoma, usimtumie pesa zote asubuhi. Vifaa lipia mwenyewe dukani kwa Till, usome jina kabla ya kuweka PIN. Ya kazi mtumie muziki ukishalia, injini ikinguruma.