Choo cha Kwanza Kilitoka Lini?

Katika vijiji vyetu vya Usambara mtoto mchanga akivimba tumbo na kukosa choo, jibu huwa tayari: ni mchango. Hutafutwa majani, yakachemshwa, mtoto akanyweshwa. Hatuwadharau bibi zetu, wametulea wengi. Lakini kwa mtoto wa siku mbili, dawa hizo humpotezea muda asio nao.

Wako watoto, yapata mmoja katika kila 5,000, wanaozaliwa sehemu ya mwisho ya utumbo mpana ikiwa haina chembechembe za fahamu. Sehemu hiyo hujibana, hailegei, na kinyesi hukwama juu yake. Daktari wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1886, ukapewa jina lake. Hautokani na jicho la mtu wala kosa la mama.

Dalili yake ya kwanza haihitaji mashine. Mtoto aliyetimiza miezi yake hutoa kile choo cheusi kinachonata kama lami ndani ya saa 24, akichelewa sana 48. Kisipotoka, au mtoto akitapika nyongo ya kijani, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Maoni yetu ni kwamba swali hili aulizwe kila mama, na jibu liandikwe kwenye kadi ya kliniki pamoja na uzito wa kuzaliwa. Aliyejifungulia nyumbani aulizwe anapoleta mtoto chanjo ya kwanza. Wino kiasi gani huo?

Kuthibitisha ndiko kwenye safari. Kipande kidogo cha utumbo huchukuliwa na kutazamwa kwa darubini, na kazi hiyo yataka hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi au Muhimbili. Ni kuteremka kona zote hadi Mombo, kusubiri basi, kulipa nauli na malazi, na bustani ya kabichi nyuma haina mtu. Jumuiya zetu huchanga upesi kukiwa na msiba. Tunaomba zichange na kwa safari hii.

Tiba ni upasuaji: sehemu mbovu hutolewa, iliyo nzima ikaunganishwa. Wengine hutobolewa kwanza njia ya choo tumboni kwa miezi kadhaa. Mtoto huyo asifichwe ndani. Na hata baada ya kupona, akipata homa, tumbo likavimba na akaharisha kinyesi chenye harufu kali, asichukuliwe kuwa ni kuhara kwa kawaida. Arudishwe hospitali usiku huo huo.