SAFARI YA KENYA NI YA WAFINYANZI



Tangu wafinyanzi wetu watoe hoja ya kwenda Kenya kujifunza kwa wenzao wa upande wa Kisumu, maneno yamekuwa mengi kisimani na kwenye mashine ya kusaga. Wapo wanaosema ni anasa. Wapo wanaouliza, eti wanawake wanakwenda kujifunza udongo, udongo si uko hapa hapa? Na wapo waliounga mkono mara moja na kuanza kuhesabu viti vyao ndani ya basi. Hawa wa mwisho ndio tunaowahofia zaidi.

Sisi tunaunga mkono safari, na tutaeleza kwa nini.

Mtungi wa maji umefukuzwa na ndoo ya plastiki. Chungu cha mboga kimefukuzwa na sufuria. Mama anakwenda sokoni na vyungu sita, jioni anarudi na vinne, na mgongo unamuuma. Wakati huo huo kuni zinazidi kwenda mbali. Wanawake wa Kenya magharibi waliyaona haya kabla yetu. Tangu miaka ya 1980 wakaingia katika kufinyanga jiko la Upesi, ambalo zamani liliitwa Maendeleo. Ni tumbo la udongo wa kuchomwa, linakandikwa ndani ya jiko kule jikoni, linatumia kuni zile zile lakini linakula kidogo kuliko mafiga matatu. Wanalitoa kwa kalibu, yote kipimo kimoja. Mikono ni ile ile iliyokuwa ikifinyanga vyungu.

Udongo tunao. Kalibu hatuna, wala hatujui wanachanganya mchanga kiasi gani hata tumbo lisipasuke kwa moto wa kila siku. Jambo hili halielezeki kwa barua wala kwa simu. Lazima mtu aushike udongo wao, auone unavyokauka, akae mpaka vitu vitoke motoni.

Wala kwenda ugenini si aibu. Lile jiko la mkaa la Kenya, bati nje na udongo ndani, ambalo leo liko kila mahali, mfano wake ulitoka Thailand. Na yuko mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi, Magdalene Odundo, ambaye vyungu vyake vimewekwa katika majumba ya makumbusho ya dunia. Alikuwa anasoma Uingereza, lakini mwaka 1974 alifunga safari mpaka Abuja, Nigeria, kujifunza kufinyanga kwa mkono. Mmoja wa walimu wake huko alikuwa Ladi Kwali, mwanamke wa kijijini aliyefundishwa kazi na shangazi yake. Leo picha ya Ladi Kwali iko nyuma ya noti ya naira 20. Basi msomi wa Uingereza alikaa chini kwa mama wa kijijini akafundishwa. Mbona sisi tuone haya kukaa na mama wa Kisumu?

Sasa tuje kwenye viti. Fedha za ushirika zinatosha nauli na chakula cha watu watano. Kamati imependekeza mwenyekiti, mhasibu, katibu wa Chama (ndio sisi), na wafinyanzi wawili. Tunakataa, tukianza na kiti chetu wenyewe. Kosa hili tulikwisha kulifanya. Ile safari ya mizinga ya nyuki walikwenda viongozi wanne na mrina asali mmoja, na sisi tulikuwamo garini. Tulikula vizuri, tulipiga picha. Mizinga ile leo inatagia kuku.

Bibi zetu walikuwa na mwiko, mwanamume asikaribie shimo la udongo wala mahali vyungu vinapochomwa. Vijana wanaucheka. Kwa safari hii sisi tunaona ufuatwe tu.

Wengine wanataka waende wasichana waliomaliza kidato cha nne ili waandike. Sisi tulijifunza kusoma ukubwani, darasa la watu wazima, tukiwa tayari na watoto, kwa hiyo daftari hatulidharau. Lakini udongo ukiwa tayari vidole ndivyo vinavyojua, na vidole hivyo ni vya akina mama wa miaka hamsini, sitini. Waende wafinyanzi wanne, na wa tano awe binti wa mfinyanzi anayejua kazi na kuandika pia.

Hati zishughulikiwe mapema. Kila mmoja awe na kitambulisho cha taifa, aombe hati ya kusafiria, aulize pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Njia ni Holili na Taveta, mhuri ugongwe. Tunajua Kenya tunaiona hapa ng'ambo ya magugu ya ziwa, na wengi tuna shemeji huko. Lakini atakayevuka kwa mtumbwi atashushwa kwenye basi kabla hajafika Nairobi. Wazee wanakumbuka mpaka ulivyofungwa mwaka 1977 hadi 1983, ndugu wakawa hawazikani. Leo mlango uko wazi, tupite mlangoni.

Limebaki moja, nalo ni zito. Mama mmoja, katika wafinyanzi wetu hodari kabisa, ameambiwa na mumewe achague safari au nyumba. Tumekwenda kuzungumza na ndugu yetu huyo mara moja, na tutakwenda tena pamoja na wazee wa ukoo wake. Hofu yake si ya bure, siku kumi mke hayupo na watoto ni wadogo. Dada zake mume wamekubali kuwalea. Kama bado hataki, kiti cha mkewe kisigawiwe kwa mtu mwingine mpaka siku ya kukata tiketi.

Majina matano yatasomwa mkutanoni Jumapili saa nane mchana, chini ya mkuyu. Mwenye neno alilete hapo, asiliache kisimani.

Katibu wa Chama, Tawi la Jipe