Nguvu ya Kwenda na Nguvu ya Kusimama



Mwezi huu swali limetoka kwa kijana mchimbaji. Anasema shimo lao lilitoa vizuri, na fungu lake amelitunza bila kulinywa. Sasa anataka gari. Si jeep wala minibasi ya kubeba watu. Anataka gari la michezo, la milango miwili, lililolala chini, lile ambalo Wafaransa wanaliita kupe. (Msicheke, ninyi wenye kufuga ng'ombe. Tutaona kama jina hilo linalifaa ao hapana.)

Ameona mawili: Toyota 86, na Nissan Fairlady Z, ile ambayo nje ya Japani inaitwa 370Z. Anaandika: "Pasta, feza iko. Benzangu banasema ile Toyota ni ya batoto, eti Nissan njo gari ya mwanaume. Nikichukua Toyota, inabakia ya kumaliza mabati ya nyumba ya mama na minervali ya badogo zangu wawili. Nikichukua Nissan, yote inaisha na ninabakia na deni kidogo. Nichukue gani?"

Wengine watasema: hili si jambo la gazeti letu. Mimi nasema ni letu kabisa. Feza hii imetoka chini ya udongo, mahali ambapo vijana wengine walishuka wasipande tena. Namna inavyotumika si mchezo. Basi tulijibu swali kama lilivyoulizwa, tukianza na magari yenyewe.

Kwanza, hesabu ya farasi na kilo.

Toyota 86 ilianza kuuzwa mwaka 2012. Moteri yake ni ya lita 2, nguvu yake karibu farasi 200, na uzito wake karibu kilo 1,230. Fairlady Z ya aina ile ya 370Z ilitoka mwishoni mwa mwaka 2008. Moteri yake ni ya lita 3.7, farasi 336, uzito karibu kilo 1,500. Ukigawa, katika Toyota kila farasi anavuta kilo 6 na kidogo. Katika Nissan kila farasi anavuta kilo 4 na nusu. Kwa hiyo wenzako hawasemi uongo. Kwenye barabara nyoofu na kavu, Nissan itaondoka na kukuacha.

Lakini wewe huko Japani, hapana. Uko Bukavu, karibu metre 1,500 juu ya bahari. Huku kwetu hewa ni nyepesi, na moteri inahitaji hewa ili esansi iwake. Gari lisilo na turbo, na haya yote mawili hayana, linapoteza karibu sehemu 15 kwa 100 ya nguvu yake kwenye urefu huu. Farasi 200 wa Toyota wanabaki kama 170. Farasi 336 wa Nissan wanabaki kama 285. Yaani ukinunua Nissan, farasi 50 uliowalipia wamebaki Mombasa bandarini, hawakupanda mlima pamoja nawe.

Sasa sikia neno ambalo wauzaji hawalisemi: mlima unakunyang'anya farasi, lakini haukupunguzii kilo hata moja. Zile kilo 1,500 zinafika Bukavu zikiwa 1,500 kamili. Na kilo hazibebwi na moteri peke yake. Zinabebwa na freni, na mipira, na mfuko wako.

Pili, hesabu ya kusimama.

Hapa ndipo vijana wengi hawapendi kusikiliza. Gari likienda mara mbili zaidi ya mwendo wake, freni hazipati kazi mara mbili. Zinapata kazi mara nne. Toka kilometa 50 kwa saa hadi 100, na ile nguvu ya kuzimwa ni mara nne. Halafu ongeza uzito: kwa mwendo uleule, freni za Nissan zinabeba mzigo unaopita wa Toyota kwa zaidi ya sehemu 20 kwa 100. Wajapani wanalijua hilo, ndiyo sababu waliipa Nissan freni kubwa. Lakini gari hili litakufikia limekwisha tumika. Zile piese za freni zikiisha, utapata wapi zingine za namna ileile? Mekanisie atakuwekea zinazofanana. Na zinazofanana, katika mteremko wa Major Vangu siku ya mvua, watu wamejaa kando na mama amebeba beseni kichwani, si kitu cha kujaribia.

Tena magari haya yote mawili yanasukumwa na magurudumu ya nyuma. Barabara ikiwa na udongo mwekundu uliolowa, nguvu nyingi nyuma inafanya mkia wa gari uende kutembea peke yake. Na yakitoka Japani, usukani wake uko kuume, nasi Kongo tunapita kuume. Ukitaka kupita lori, inabidi utoe nusu ya gari nje ndipo uone kinachokuja. Mwenye moteri ndogo atasema, "Acha ningoje." Mwenye farasi 285 atasema, "Nitapita tu." Nguvu ina sauti yake, na inasema zaidi pale ambapo macho hayaoni.

Tatu, tuangalie waliojaribu kabla yetu.

Barabara mbaya si za kwetu tu. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi, mawe na matope ambayo sisi tunayajua vema. Babu wa hii Fairlady, Datsun 240Z, alishinda huko mwaka 1971. Kwa hiyo nguvu si dhambi, na gari la milango miwili si upuuzi. Lakini mwaka 1973 lilitokea jambo la ajabu. Datsun 240Z ya Shekhar Mehta, yenye lita 2.4 na silinda sita, ilimaliza kwa alama sawasawa na Datsun 1800 ya Harry Källström, gari la silinda nne tu. Ikabidi waamuzi waangalie nani alikwenda mbali zaidi bila kosa, ndipo Mehta akapewa ushindi. Silinda mbili za zaidi, na baada ya maelfu ya kilometa walikuwa sawa.

Mwaka 1974 ikawa wazi zaidi. Björn Waldegård wa Sweden alikuja na Porsche 911 ya lita 2.7. Joginder Singh wa Kenya alikuwa na Mitsubishi Lancer ndogo ya lita 1.6. Aliyeshinda ni Joginder, Porsche ikawa ya pili. Mtu huyu alijifunza ufundi katika garaji ya baba yake kabla ya kuwa shofere wa mashindano. Aliingia katika Safari mara 22, akafika mwisho mara 19. Watu wanakumbuka kwamba alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Mimi ninaipenda zaidi ile hesabu ya 19. Kufika ndiyo kazi.

Ine, mambo madogo ya kila siku.

Tangi ya Toyota ni lita 50, ya Nissan ni lita 72. Zijaze kwa bei ya kituo, halafu zijaze kwa bei ya kadhafi wa kando ya barabara siku ambapo vituo vimefunga, uone. Toyota ina buji nne za kuwasha moto, Nissan ina sita. Magari yote mawili yanataka esansi safi, ya daraja la juu. Ile ya bidoni iliyochanganywa itayaumiza yote, lakini kuitengeneza moteri kubwa ni ghali zaidi.

Na hapa nikuonye pia juu ya ile Toyota, usije ukasema nimekuuzia mbuzi katika mfuko. Jina Toyota lisikudanganye. Moteri ya 86 ilitengenezwa na Subaru. Silinda zake zimelala ubavuni, mbili huku na mbili huku, si kama Corolla ambayo mafundi wetu wanaifungua hata gizani. Kabla hujalipa, tafuta kwanza fundi aliyekwisha kuigusa. Kama hayuko, nalo hilo ni jibu.

Halafu kuna viti. Toyota ina viti viwili mbele, na viwili vidogo nyuma ambavyo mtoto anaweza kukaa. Fairlady ina viwili tu, basi. Ukienda kanisani na mama, wadogo zako wawili watakwenda kwa miguu wakila vumbi lako.

Sasa jibu langu.

Ndugu yangu kijana, kati ya haya mawili, chukua lile jepesi. Si kwa sababu ni la watoto. Ni kwa sababu nguvu usiyoweza kuisimamisha, kuilisha na kuitengeneza si nguvu yako. Ni nguvu ya mtu mwingine uliyoazima, na siku moja ataidai. Gari jepesi linakuachia freni zinazotosha, mipira inayodumu, na mabati juu ya nyumba ya mama. Lile zito, tangu siku ya kwanza, limekunywa feza ya masomo ya watoto na bado lina kiu. Hapo, ninyi wafugaji, ndipo jina la kupe linapata maana yake.

Wala usiende nalo Kamituga. Gari ambalo tumbo lake liko kama sentimetre 13 kutoka chini halivuki matope ya njia ya Mwenga. Litakaa Bukavu, nawe utakuwa huko shimoni. Kwa hiyo jiulize ni siku ngapi kwa mwezi utaliendesha, na ni nani atakuwa na ufunguo siku zingine. Pengine ukimaliza hesabu hiyo, neno la mama la kuacha yote mawili litaanza kuonekana si neno la mzee asiyejua magari.

Wenzako wanasema gari la mwanaume. Gari halina mwanaume wala mtoto. Anayeitwa mwanaume ni yule ambaye mvua ikinyesha usiku, mama yake halazi sufuria chini ya mabati yanayovuja.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Katika jamaa yetu, feza ya ghafula ikiingia, nani anakaa pamoja kuihesabu kabla haijatoka?

2. Kuna kitu gani tulichonunua kwa sababu ya macho ya watu, na sasa kinatushinda kukitunza?

3. Ninyi wazazi: kijana wenu akitaka kitu kikubwa, mnamkataza tu, ao mnakaa naye na karatasi na kalamu?