Ua la Shangazi na Mdomo Wangu

Mdomo huu, wasomaji wangu, siku moja utaniponza. Safari hii nusura umponze shangazi yangu wa Ziba.

Mnaijua Ziba? Kule Igunga, mkoani Tabora. Mtoto wa mjini ukishuka kwenye basi, vumbi mpaka kwenye kope. Basi nikafika, shikamoo zikaisha, nikapewa ugali na mlenda, nikashiba. Nikaanza usomi. Pembeni ya uwanja wa nyumba kuna yale maua ya rangi ya waridi, yenye petali tano, yanayojiotea hata penye ukame. "Shangazi," nikasema, "hili ua linatibu kansa. Wazungu wanalitengenezea sindano." Nikaenda zangu kulala.

Siku ya tatu nakuta sufuria jikoni, maji ya kijani. Vikombe viwili vimeshanywewa! Kumbe mama wa watu ana uvimbe kwenye titi tangu masika, na hajamwambia mtu. Jasho likanitoka.

Sikudanganya, ila nilisimulia nusu. Ua hilo asili yake ni Madagaska, wataalamu wanaliita Catharanthus roseus. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Jamaica alituma Kanada bahasha yenye majani 25, maana kwao watu waliyanywa kama chai ya kisukari. Yakamfikia Robert Noble, akayajaribu kwa panya. Walionyweshwa, sukari wala haikushuka. Waliodungwa sindano wakafa, chembe nyeupe za damu zimepukutika. Mwingine angetupa majani na panya wake. Noble akawaza: kama inaua chembe nyeupe, si itafaa kwa kansa ya damu? Kufikia 1958 yeye na mwenzake Charles Beer walikuwa wameshaipata vinblastine. Ndugu yake, vincristine, ikafuata, na hiyo imewatibu watoto wetu wengi wa Afrika Mashariki wenye ule uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, aliuandikia mwaka huohuo wa 1958.

Sasa sikia hesabu. Gramu 1 tu ya vinblastine inataka kama kilo 500 za majani makavu. Vincristine nayo, mtu mzima kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja, tena kwenye mshipa wa damu tu. Inazuia chembe zisigawanyike. Ikizidi ni sumu, na hata kwa kipimo sahihi vidole vinaweza kufa ganzi. Kwenye sufuria ya shangazi nani kapima? Jani lile lina kemikali za aina hiyo zaidi ya 100, na huwezi kuichagua moja kwa kuchemsha.

Nikamweleza yote. Akanitazama weee. "Sasa mwanangu, juzi uliniambia nini?"

Jibu sikuwa nalo. Nikamwaga ile sufuria, alfajiri tukaenda hospitali, Nkinga. Wakamkata kinyama kidogo cha kupima. Tukiwa kwenye benchi nikaikumbuka paclitaxel, dawa inayotumika kwa kansa ya matiti, iliyotoka kwenye magome ya mti mmoja wa Marekani. Nikafungua mdomo nimwambie shangazi.

Nikaufunga. Majibu bado tunayangoja.